Maswali ya Wasomaji: Gari la Familia na Vumbi la Dodoma

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye RAV4, Vanguard, X-Trail na Forester wa Dodoma na wilaya za jirani. Zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja. Wenye Prado na Land Cruiser mtuwie radhi, zamu yenu bado.

Naishi Iyumbu, na kipande cha mwisho hadi nyumbani ni vumbi tupu. Fundi wangu hupuliza filta ya hewa kwa kompresa kila mwezi na anasema hiyo hiyo inafika kilomita 40,000. Ni kweli?
Msomaji, Iyumbu

Labda kwa gari linalokaa kwenye lami. Kitabu cha gari huwa na ratiba mbili, na hiyo ya pili ndiyo watu huiruka: ya mazingira magumu, yaani vumbi, joto, mzigo na safari fupi fupi. Dodoma ya Juni hadi Novemba imo humo bila ubishi. Kagua filta kila kilomita 2,500, ibadilishe kati ya 10,000 na 15,000. Filta ni spea ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu inachokilinda.

Upepo wa kompresa nao una adabu zake. Kompresa ya gereji husukuma upepo wa bar 8 au zaidi, na ukiuelekeza karibu na karatasi unaitoboa matundu usiyoyaona. Punguza hadi bar 2, shika bomba umbali wa shubiri moja, puliza kutoka upande msafi kwenda mchafu. Ukipuliza kinyume unazamisha vumbi ndani ya karatasi. Kisha iinue juani: ukiona nukta za mwanga mkali, tupa. Imelowa oili, tupa. Kuiosha kwa maji na sabuni usijaribu kabisa.

Lakini filta mpya isiyokaa vizuri ni mbaya kuliko filta chafu. Fungua mpira mpana unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini, ufute kwa ndani na kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni: klipu ya boksi imevunjika, ukingo wa mpira umejikunja, au ni filta feki yenye ukingo mgumu usiobana. Mchanga huo hukwangua ringi za pistoni na kuta za silinda, gari likaanza kula oili, na hapo hakuna sevisi itakayolirudisha lilivyokuwa.

Jirani wa filta ni sensa ya kupima hewa. Waya wake mwembamba ukishikwa na vumbi, kompyuta hukosea hesabu ya petroli: gari linakunywa, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka. Inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, iachwe ikauke yenyewe. Wanaoifuta kwa kitambaa huikata waya. Na msisahau filta ndogo ya AC iliyo nyuma ya kabati la dashibodi. Wengi wanaolalamika kwamba AC haipulizi hawajawahi kuitoa tangu gari lishuke bandarini.

X-Trail yangu ni T31 ya 2009, injini ya 2.0. Tukienda Iringa, tukianza kupanda Nyang'oro inapoteza nguvu, mzunguko wa injini haupandi, na hakuna taa inayowaka. Tukipumzika dakika ishirini inarudi sawa. Fundi mmoja anasema pampu ya petroli, mwingine anataka ninunue giaboksi ya mtumba. Nimwamini nani?
Msomaji, Kisasa

Kwa sasa msimwamini yeyote. Dalili hizo ni za oili ya giaboksi kupata joto kupita kiasi. Giaboksi ya gari lenu ni CVT, haina gia za kupanda ngazi. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kinachobana ni presha ya oili. Oili ikichemka inakuwa nyepesi, mkanda unataka kuteleza, kompyuta inakata nguvu ya injini ili kuunusuru. Ramani ya safari yenu inaeleza mengine: mnashuka hadi Mtera kwenye joto, kwa mwendo mkubwa, watu watano na mizigo, halafu mlima unaanza oili ikiwa imeshapashwa.

Pampu mbovu kwa kawaida hutambulika kwa gari kukwamakwama na kuwaka kwa shida, na haiponi kwa kupumzika kila safari kwa mtindo ule ule. Kuondoa ubishi, fundi afunge geji kwenye njia ya petroli. Presha ikikaa karibu bar 3.5 na haishuki mkikanyaga, pampu haina kesi.

Kisha tafuteni mwenye mashine inayoingia kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe, maana zile ndogo za kuchomeka husoma injini tu. Nissan huhifadhi humo namba inayohesabu uchakavu wa oili. Ikivuka 210,000, oili inatakiwa kubadilishwa hata kama kwa macho inaonekana safi.

Oili ya T31 ni NS-2. T32, ile iliyoanza 2013, ni NS-3. Oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, hata iwe ghali namna gani, haina msuguano ambao mkanda wa chuma unauhitaji. Tunalirudia hili karibu kila toleo kwa sababu bado kuna gereji zinazomimina chochote chekundu.

Kazi yenyewe iende hivi. Gari likae sehemu tambarare, oili ishuke, ipimwe kwenye chupa yenye vipimo. Aghalabu hutoka lita 4 hivi, nyingine hubaki ndani. Sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) ifunguliwe, sumaku zifutwe, chujio lioshwe, gasketi iwe mpya. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka. Washa injini, kanyaga breki, pitisha lever kwenye kila nafasi ukitulia sekunde chache, kisha pima oili ikiwa kati ya nyuzi 50 na 80. Endesha kilomita 200 hadi 300, rudia tena, na sehemu kubwa ya oili itakuwa mpya. Mashine za kusukuma oili kwa presha ziacheni. Kwenye giaboksi kuukuu hubeba uchafu na kuupeleka kwenye valvu.

Ute wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Mkikuta vipande vinavyong'aa na kukwaruza kidole, mkanda au puli zimeshakwisha, na oili mpya itakuwa hasara juu ya hasara. Hapo ndipo habari ya mtumba inapoingia, na muuzaji aulizwe swali moja: giaboksi hiyo inakuja na kifaa chake cha vipimo? Kila CVT ya aina hii ina vipimo vyake kutoka kiwandani, na kompyuta ya gari lazima ivisome upya. Wasiofanya hivyo hurudi baada ya wiki wakisema giaboksi "inapiga".

Wakati mnasubiri, osheni uso wa rejeta na kondensa ya AC kwa maji ya mwendo mdogo kutoka nyuma kwenda mbele. Mbegu za nyasi na vumbi huziba mapezi. Rejeta ndogo ya ziada kwa ajili ya oili ya giaboksi inasaidia sana kwa anayesafiri njia hii mara kwa mara. Na gari likikata nguvu mlimani, egesha pembeni, weka P, uiache injini inaunguruma. Ukiizima, oili inaacha kuzunguka na kupoa.

Fundi, shikamoo. RAV4 yangu ilikuwa inapandisha joto, fundi akatoa thamostati, sasa haichemshi. Rejeta natumia maji ya bomba. Kuna ubaya?
Msomaji, Ilazo

Marahaba. Ubaya upo mara mbili.

Maji mengi ya bomba hapa mjini yanatoka visima vya Mzakwe na Makutupora, na yana chumvi chumvi. Ukoko mweupe ulio ndani ya birika lako ndio huo huo unaojengeka kwenye mirija ya rejeta. Mirija hiyo ni myembamba, ukoko kidogo tu unatosha kuzuia joto lisitoke. Tena maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu, na hayavumilii joto: kwenye mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na ushei, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta, karibu bar 1.1 juu ya hewa ya nje. Mpira wa kifuniko ukichoka, umeshapoteza ulinzi huo.

Thamostati, yaani valvu inayopitisha maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto, nayo si kizuizi. Kwenye injini hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Isipokuwepo, injini kwenye mwendo wa barabara kuu hubaki baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli, oili inachafuka mapema. Gari halichemshi kwa sababu tatizo limefichwa. Siku utakapopanda mlima na mzigo litajitokeza.

Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga kupitia nati ya chini ya rejeta na ile ya kwenye bloku. Jaza maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo, asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana! Washa, fungua hita hadi mwisho, subiri feni iwake mara mbili, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha weka thamostati mpya na gasketi yake, kifuniko kipya, na kulanti nusu kwa nusu na maji hayo yaliyosafishwa. Mfumo unachukua kati ya lita 6 na 7, hivyo kopo la lita 4 la kulanti isiyochanganywa linatosha. Kama umenunua iliyokwisha kuchanganywa, usiongeze maji. Wakati wa kutoa hewa, inua pua ya gari kidogo na uiache ipumue bila kifuniko.

Kulanti ikiendelea kupungua bila kuona tone chini, kagua nyuma ya injini, upande wa kabini, pale silinda hedi inapokutana na bloku. Injini za 2AZ, zile za lita 2.4 za RAV4, hasa za kabla ya 2007 zilizomo pia kwenye Harrier na Kluger, zinajulikana kwa nyuzi za boliti za hedi kung'oka kwenye bloku. Hapo kubadilisha gasketi peke yake ni kupoteza fedha. Nyuzi lazima zitengenezwe upya kwa bushi za chuma.

Vanguard ya 2008 inakula oili, lakini haitoi moshi wala haivuji. Nimeambiwa niweke oili nzito.
Msomaji, Chamwino

Ni injini ile ile ya 2AZ, na hili linafahamika hata kwa watengenezaji: mwaka 2011 Toyota iliwapa mafundi wake wa Marekani mwongozo kuhusu injini za 2006 hadi 2011, ambapo dawa ilikuwa kubadilisha pistoni na ringi. Kipimo chao ni rahisi kukiiga: ikila zaidi ya lita moja hivi ndani ya kilomita 1,900, imepitiliza.

Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, pima kila 500 asubuhi gari likiwa tambarare. Kabla ya kufungua injini, badilisha valvu ya kupumulia moshi wa injini. Ni ndogo, na ikikwama hufanya oili inyonywe. Oili nzito kama 10W-40 inaweza kupunguza ulaji kwa hali ya hewa yetu, lakini haiponyi. Ikiwa inakula chini ya kipimo hicho, endelea kuongeza na kupima. Injini hii inachukua lita 4.3 tu, na kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja, kwa hiyo anayesubiri taa nyekundu ameshachelewa.

Gari linagonga mbele kwenye barabara ya rasta. Nimeandikiwa shokapu, boljointi, tairodi na bushi zote. Nianzie wapi?
Msomaji, Kongwa

Anza kwa kusikiliza. Mlio mwepesi wa haraka haraka kwenye vishimo vidogo, mwendo mdogo, mara nyingi ni stabilaiza linki, spea ya bei ndogo kuliko zote ulizoandikiwa. Mlio mmoja mzito wa kugonga unapofunga breki ni bushi ya nyuma ya mkono wa chini. Ta-ta-ta unapokata kona hadi mwisho ni shafti. Angalia kama buti la mpira limechanika na grisi imerukia ndani ya rimu. Ukiusikia mlio wa kugonga kwenye usukani wenyewe, na gari ni RAV4 ya kizazi cha tatu, kagua shafti fupi ya usukani iliyo karibu na pedali. Wengi wamebadilisha mguu mzima wa mbele bure kwa sababu ya kipande hicho. Shokapu inayovuja oili haina mjadala, na hubadilishwa zote mbili za ekseli moja.

Mwambie fundi jambo moja: boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota muda wote, na bushi mpya inachanika ndani ya miezi michache. Kisha mtu analaumu spea.

RAV4 ya watu watano inabeba magunia mangapi ya mpunga kutoka Bahi?
Msomaji, Nkuhungu

Machache kuliko unavyotamani. Magari yaliyosajiliwa Japani huhesabiwa kilo 55 kwa kila kiti, hivyo gari la watu watano limeandikiwa kilo 275, dereva akiwemo. Wewe na mwenzako mkiwa na kilo 150, zimebaki 125: gunia moja kubwa, basi. Springi zitakubali zaidi, lakini breki na matairi vilipimwa kwa hesabu hiyo. Kunja viti, laza gunia mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na migongo ya viti vya mbele, lifunge, na upepo wa matairi ujazwe kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, tairi zikiwa baridi. Ukipima baada ya safari, geji inadanganya juu.

Forester yangu nimebadilisha matairi mawili tu ya mbele. Sasa kona ndogo za kuegesha inakuwa kama inajizuia.
Msomaji, Manyoni

Subaru Forester husukuma magurudumu yote manne muda wote. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika, kwa hiyo mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti, na klachi iliyo kati yake ndiyo inayoumia. Manne yote yawe saizi moja, aina moja, na kina cha kashata (michoro ya tairi) kisitofautiane zaidi ya milimita 2. Badilisha mawili yaliyobaki sasa. Soma pia tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa jua la Manyoni, tairi la mtumba lenye miaka saba hatulipendekezi hata likiwa na kashata nzuri.

Kiti cha mtoto mchanga nikifunge mbele ili nimwone?
Msomaji, Area C

Hapana. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya begi la hewa linalofanya kazi. Likifumuka linampiga mtoto kichwani. Kifunge nyuma, kivute kwa nguvu mahali mkanda unapopita: kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, hakijafungwa.

Masika korongo la njiani kwetu hujaa. X-Trail ni four-wheel, naweza kupita?
Msomaji, Mpwapwa

Four-wheel inasaidia tairi kushika. Haiinui mdomo wa hewa wa injini, na haizuii mkondo kulisukuma gari. Maji yakifika katikati ya gurudumu, au yakiwa yanakwenda kasi hata yakiwa chini ya hapo, subiri.

Kwa tope la kawaida la mbuga, weka swichi ya four-wheel kwenye LOCK kabla ya kuingia, mwendo wa taratibu usiokatika, na zima kidhibiti cha kuteleza kama kinakata nguvu. Ukikwama usikanyage tairi zizunguke bure. Klachi ya ekseli ya nyuma inapata joto na kujikata yenyewe. Chimba mbele ya tairi, tandaza matawi, punguza upepo hadi psi 20, na ujaze tena ukifika sehemu ngumu.

Injini ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha, hata mara moja. Maji hayabanwi, pistoni ikikutana nayo, mkono wake unapinda. Gari livutwe, filta ya hewa ifunguliwe, na ikiwa imelowa zitolewe plagi zote, injini izungushwe kwa stata mpaka maji yaishe kutoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga na weka mpya kabla ya kuwasha. Oili ya giaboksi na ya difu ya nyuma nazo zikaguliwe siku hiyo hiyo, maana vipumulio vyake hunyonya maji vikipoa ghafla.